Riba Ndogo ni ya Nani?

Mwezi wa Agosti 2025, katika kikao cha kamati ya harusi hapa mtaani kwetu Morogoro, shemeji yangu alisimama kuahidi mchango wake. Alipokwisha kuahidi hakuketi, akatupa na mhadhara juu yake. "Jamani," alisema, "redioni wametangaza kwamba riba imeshuka mpaka asilimia 5.75. Mwenye akili siku hizi haweki, anakopa. Pesa iliyolala benki ni maiti. Au siyo, Mwalimu? Wewe ndiye mtu wa hesabu."

Watu wakacheka, wakanigeukia. Mimi nilifundisha hesabu kwa miaka zaidi ya 30, na nilijua kwamba katika maneno yale kulikuwa na kweli moja na makosa mawili. Lakini kikao kilikuwa cha heri, na shemeji ni shemeji. Nikainua chupa yangu ya soda, nikanywa. Walionitazama wakadhani nimekubali.

Siku tatu baadaye alinijia kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, niliyemfundisha mimi mwenyewe tangu akiwa mdogo. Naye alikuwa kwenye kikao kile. Baada ya shikamoo na marahaba, akatoa karatasi mfukoni. Alitaka nimdhamini mkopo wa shilingi 6,000,000. "Mwalimu," akasema, "si ulimsikia shemeji yako? Huu ndio wakati wake."

Ndipo nilipotambua kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa na bei, na bei ile angeilipa mtu mwingine. Kwa hiyo leo namjibu shemeji yangu, tena kwa maandishi, ili asiweze kunikatiza.

Nianze na kweli yake, maana si haki kumpinga mtu kabla ya kumpa kilicho chake. Wazee walisema akiba haiozi. Waliosema hivyo huenda walikuwa wanasema habari za mahindi ghalani, na hata hayo wadudu huyajua. Pesa inaoza. Mwaka 1994 mfumuko wa bei katika nchi yetu ulizidi asilimia 30. Nilikuwa naweka fedha kidogo kidogo kwenye kitabu cha akiba ili ninunue mabati. Kila nilipofikia bei ya mabati, nilikuta bei imeondoka, kama basi linaloondoka kituoni abiria yuko hatua kumi nyuma. Riba niliyoandikiwa kitabuni ilikuwa maandishi tu. Nyumba yangu ilichelewa kuezekwa, na mvua zilininyeshea nikiwa mtu mwenye akiba benki.

Siku hizi uozo huo umepungua sana. Tangu mwaka 2018 wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka umekaa kati ya asilimia 3 na 5. Lakini haukwisha, na riba ya akaunti ya kawaida ya akiba imekuwa ndogo kuliko hapo. Tuchukue shilingi 1,000,000 na riba ya asilimia 2.5. Kwa mwaka mzima inazaa 25,000. Serikali inakata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 2,500. Zinabaki 22,500. Kama bei za vitu zimepanda kwa asilimia 3.3, milioni ile ilihitaji kuzaa 33,000 ili ibaki na nguvu ile ile ya kununua. Basi mwenye akiba amepoteza 10,500. Hapo shemeji hakukosea: mtu anayeweka fedha kwenye akaunti ya akiba na kungoja imtajirishe, anangoja embe chini ya mnazi.

Sasa nije kwenye makosa yake.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba riba ni moja. Hiyo asilimia 5.75 aliyoisikia redioni ni riba ya Benki Kuu. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuitangaza Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 mwezi wa Aprili mwaka huo huo, ikaishusha hadi 5.75 Julai 2025. Kazi yake ni kuongoza bei ambayo benki hukopeshana zenyewe kwa zenyewe kwa siku chache. Si bei yako wewe shemeji, wala si yangu. Sisi hatumo katika soko hilo. Mtu akisikia kwamba bei ya jumla ya sukari kiwandani imeshuka, haendi dukani kwa Mangi kudai kilo moja kwa bei ya kiwandani. Lakini likija neno riba, watu wazima wenye akili zao huamini kwamba lililotangazwa kwa wakubwa limewafikia na wao.

Bei zetu sisi ni mbili. Kuna ile tunayolipwa tukiweka, na kuna ile tunayotozwa tukikopa. Kwa takriban miaka 10 iliyopita, takwimu za Benki Kuu yenyewe zimeonyesha wastani wa riba ya mikopo ukiwa kwenye asilimia 15 hadi 18, wakati ile ya akaunti za akiba haikuvuka asilimia 4. Basi nauliza: riba ndogo ni ya nani? Ikiwa ndogo kwa anayeweka na kubwa kwa anayekopa, hiyo si riba ndogo. Ni mlango mwembamba wa kutokea na mlango mpana wa kuingilia, na mwenye nyumba ni mmoja.

Najua benki zina majibu. Zitasema zinalipa wafanyakazi, ulinzi, umeme na mitambo. Zitasema wako wakopaji wasiolipa, na hasara yao lazima ibebwe na wanaolipa. Jibu hili lilikuwa na uzito zamani. Mwaka 2017 mikopo isiyolipika ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki. Benki ilikuwa na haki ya kuogopa. Lakini mwishoni mwa mwaka 2024 mikopo hiyo ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 4. Mfumuko wa bei ulikuwa umetulia. Julai 2021 Benki Kuu ilikuwa imetenga shilingi trilioni 1 kuzikopesha benki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Mizigo yote waliyoilalamikia imepunguzwa mmoja baada ya mwingine. Je, wastani wa riba ya mikopo ulishuka kiasi hicho hicho? La hasha. Ulijivuta kutoka 17 na kitu kuja 15 na kitu, kama mzee anayeteremka ngazi. Riba ya mwekaji ilikuwa imeshuka zamani, tena kwa kukimbia.

Hilo ni la benki, na mimi si mbunge. Ninachoweza ni kumwonya mwenzangu asiye na ngazi nyingine ya kuteremkia.

Kosa la pili la shemeji ndilo kubwa zaidi. Anasema: kwa kuwa akiba hailipi, basi kopa. Hebu tuiweke ubaoni. Milioni iliyolala kwenye akiba imepoteza 10,500 kwa mwaka. Milioni ya mkopo wa asilimia 17, deni likisimama palepale mwaka mzima, inakugharimu 170,000. Ni mara 16. Anayekimbia hasara ya kwanza na kuangukia ya pili ameruka majivu akakanyaga moto.

Tena nasema haya kwa kuungama, maana niliyatenda mwenyewe. Mwaka 2018 nilikuwa na mkopo benki wa kumalizia nyumba, riba asilimia 17. Wakati huo huo nilikuwa na shilingi 5,000,000 kwenye akaunti ya akiba katika benki ile ile. Nilizionea fahari. Nilipopita mbele ya benki nilitembea kama mtu mwenye ng'ombe zizini. Mke wangu, ambaye hakusoma hesabu zaidi ya darasa la saba, aliniuliza siku moja tukila: "Mwalimu, hivi kwa nini tunaweka pesa pale pale tunapodaiwa?" Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye hajui mambo ya benki. Usiku sikupata usingizi. Nikaamka, nikawasha taa, nikachukua kalamu.

Milioni zangu 5 zilinipa, baada ya kodi, shilingi 112,500 kwa mwaka. Deni la kiasi hicho hicho lilinitoza 850,000. Yaani benki ilikuwa inachukua pesa zangu, inanipa asante ya 112,500, kisha ndizo hizo hizo inanikopesha na kunidai 850,000. Nilikuwa nakopa pesa zangu mwenyewe! Miaka yote niliwafundisha watoto wa watu kutoa na kujumlisha, na mimi sikutoa wala kujumlisha hadi nilipoulizwa na mke wangu juu ya sahani ya ugali.

Asubuhi nilikwenda benki nikatumia milioni 4 kupunguza deni, nikabakiza moja. Kijana wa dirishani alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimefiwa. "Mzee, utabaki bila akiba," alisema. Hakukosea kujali, ila hakufahamu kwamba kila shilingi niliyomkabidhi ilikuwa imeanza kunizalia asilimia 17, bila kodi ya zuio, na bila hofu ya soko kuanguka. Hakuna akaunti ya akiba iliyonipa hivyo. Hata hatifungani za Serikali, ambazo ni uwekezaji mzuri kwa mwananchi wa kawaida na kuanzia shilingi 1,000,000 unaweza kushiriki, hazifiki hapo: mwaka 2022 riba ya hatifungani ya miaka 20 ilipunguzwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Mwenye deni la asilimia 17 anayekwenda kununua karatasi ya asilimia 12 anachota maji kwa tenga.

Ndiyo maana nasema riba ya akiba inapokuwa ndogo, huo si wakati wa kukopa. Ni wakati wa kulipa. Pesa yako haina kazi nyingine yenye mshahara mnono kuliko kuua deni. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Waliishia hapo kwa kuwa hawakuwa na benki. Sisi tuongeze: dawa ya akiba iozayo nayo ni kulipa deni.

Mtu ataniuliza: mbona basi ulibakiza milioni moja? Kwa nini usilipe yote?

Nitajibu kwa habari ya binti wa marehemu dada yangu. Anauza vitumbua na chai asubuhi, na kazi yake aliifanya vizuri. Hakuwa na deni wala akiba. Kila alichopata alikirudisha kwenye unga na mafuta, na alijisifu kwamba pesa yake hailali. Mtoto akaugua usiku. Akahitaji 200,000, na mimi nilikuwa safarini. Akaenda kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wamewabatiza jina la kausha damu. Walimpa 200,000 asubuhi ile ile, bila maswali mengi, arejeshe 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla 260,000. Riba ni 60,000 kwa chini ya mwezi. Na kwa kuwa alianza kurejesha kesho yake, kwa wastani alikuwa ameshika nusu tu ya pesa ile. Siku ya 9 hakuuza, maana alikuwa hospitali na mtoto. Jioni walikuja wakachukua televisheni na jiko la gesi. Aliponieleza alisema, "Mjomba, mtoto kapona, lakini mimi ndiye niliyekauka."

Kama angekuwa na 200,000 kwenye akaunti ya asilimia 2.5, zingemzalia 5,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Shemeji angecheka: elfu tano! Lakini faida ya akiba ile haikuwa elfu tano. Faida yake ilikuwa kutokwenda kwa kausha damu: 60,000 kwa siku 26, pamoja na televisheni na jiko, pamoja na heshima yake mbele ya majirani waliosimama vibarazani wakitazama. Akiba ya namna hii huwekwa kama ndoo ya maji jikoni. Haizai kitu, na hakuna anayeilaumu kwa kutozaa mpaka siku nyumba inaposhika moto.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni mfupi, na hauhitaji mtaalamu. Kwanza, weka kando fedha ya kukuwezesha kula na kutibiwa kwa miezi miwili au mitatu, mahali ambapo utaipata upesi, na usiulize inazaa nini. Pili, kila kinachozidi hapo kikalipe deni lenye riba kubwa kuliko yote, kisha linalofuata. Tatu, ukishakuwa huru, hapo ndipo uanze kuuliza habari za hatifungani, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja na hisa za chama chako cha akiba na mikopo. Watu wengi wanaanza na la tatu kwa sababu ndilo lenye jina kubwa.

Wala sisemi kwamba kukopa ni dhambi. Mkulima anayepata mkopo wa asilimia 10 akanunua pampu inayompa mavuno ya pili kwa mwaka, na akakokotoa kabla ya kutia saini, huyo namheshimu. Nawapinga wanaokopa kwa sababu wamesikia kwamba ni wakati wa kukopa.

Nirudi kwa yule kijana na karatasi yake. Nilimketisha, nikamwomba anieleze mpango. Milioni 3.5 atanunua pikipiki ya kumpa mtu aendeshe bodaboda. Na milioni 2.5 zilizobaki? "Nitaziweka akiba, Mwalimu, kwa dharura." Nilitaka kucheka nikakumbuka usiku wangu wa mwaka 2018. Alikuwa anakwenda kukopa kwa bei kubwa ili aweke kwa bei ndogo, na hakuna aliyemwambia.

Tukasoma karatasi. Riba: asilimia 17 kwa mwaka, miezi 36. "Ni sawa na benki," alisema. Nikamwonyesha mstari mdogo chini: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, si juu ya deni linalobaki. Tukachukua daftari. Asilimia 17 ya milioni 6 ni 1,020,000. Kwa miaka 3 ni 3,060,000. Rejesho ni karibu 252,000 kila mwezi. Kama riba ingehesabiwa juu ya deni linalopungua, rejesho lingekuwa karibu 214,000, na riba yote ingekuwa kama 1,700,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 1,350,000, na imefichwa katika maneno matano. Nikamwambia aangalie mwezi wa mwisho: atakuwa anadaiwa 166,667 tu, lakini bado atatozwa riba ya 85,000, zaidi ya nusu ya deni lenyewe! Ukweli ni kwamba mkopo ule ulikuwa wa karibu asilimia 29 kwa mwaka, umevaa kanzu ya asilimia 17.

Aliitazama daftari kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. "Mwalimu, nimeshawaambia nyumbani. Mshahara unaruhusu, theluthi inabaki." Ni kweli, kanuni inataka mtumishi wa umma abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni ile iliwekwa kuwa ukuta ili mtu asidondoke, na vijana wetu wameigeuza shabaha: wanakopa mpaka waifikie.

Sikutia saini. Nilimwambia kwamba nikiwa na 200,000 za kumwazima bila riba nitampa, lakini jina langu silitii pale. Aliaga kwa adabu, akasahau kalamu yake mezani. Wiki mbili baadaye nilimwona anapita juu ya pikipiki mpya yenye nailoni kitini. Alipata mdhamini mwingine. Nilimpungia mkono, sijui kama aliniona.

Shemeji, sikulaumu wewe peke yako. Ulisema ulichosikia, na waliokisema redioni hawakusema uongo. Waliacha tu kusema ni riba ya nani. Anayelaumika zaidi ni mwalimu wa hesabu aliyeulizwa mbele ya watu, akajua jibu, akanywa soda. Kikao cha harusi kina wiki mbili kabla ya kuvunjwa. Nimeomba nipewe dakika 10 kabla ya michango, na nitakuja na daftari. Kalamu ya yule kijana ninayo bado, nitaandika nayo.